Mtaala wa nyumbani uanzie jikoni kwetu, Malindi

Kuna maboksi ya vitabu yanayotoka Marekani, yanashukia Mombasa, kisha yanafika Malindi yakiwa na kila kitu anachotaka mzazi Mkristo anayefundisha watoto wake nyumbani. Hesabu zimo, sayansi imo, aya za kukariri zimo, hata majibu yamo. Wazazi wenzangu huyasubiri kwa hamu na huyalipia pesa nyingi. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Hesabu zake ni nzuri na heshima yake kwa Neno la Mungu ni ya kweli. Kinachonikera ni yale tunayoyaweka kando boksi likishafunguliwa. Mtoto wa mtaa wa Maweni hapa Malindi anajua kuchora majira manne ya mwaka na theluji juu ya paa, lakini ukimuuliza kwa nini samaki hupanda bei mwezi wa sita, hana jibu, ilhali upepo wa kusi unampuliza usoni pale pale alipokaa. Anajua pai ya tufaha inavyookwa, na hajawahi kushika mbuzi akakuna nazi.

Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, hakutaja darasa. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Na katika nyumba zetu za hapa, kuketi nyumbani kwa sehemu kubwa ni kuketi karibu na chakula: kinachochambuliwa, kinachooshwa, kinachopikwa, kinachosubiriwa. Ukimfukuza mtoto jikoni ili akamalize ukurasa wake, umemtoa mahali ambapo agizo hilo lingetimia bila hata kulipangia ratiba. Ndiyo maana nashikilia kwamba elimu ya nyumbani ya Kikristo hapa pwani ianzie jikoni, na vitabu vije kuisaidia.

Chukua nazi. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kukaa juu ya mbuzi na kukuna, mradi umfundishe kushika vizuri na kuanzia ukingoni, akizungusha kifuu polepole. Akikazana sehemu moja atafika kwenye ganda la kahawia na tui litachafuka rangi. Nazi ikishakunwa, unaitia maji ya vuguvugu, unaiminya, unachuja kwa kifumbu: hilo ndilo tui la kwanza, zito, la kuwekwa kando. Unatia maji tena unakamua tui la pili, jepesi, ambalo ndilo samaki huiva nalo. Tui zito huingia mwishoni, na hapo mtoto ndipo anapojifunza kitu ambacho sijui kitabu gani kingemfundisha. Lazima asimame pale na mwiko, akoroge bila kuacha, asifunike sufuria, asiende kuchungulia nani anapita barabarani. Akiondoka, tui linakatika. Mafuta yanajitenga na maji, mchuzi unabaki na mabonge, na watu wote watakula hivyo hivyo kwa sababu samaki ni huyo huyo mmoja.

Humo mna sayansi ya mafuta na maji, na mna uvumilivu. Lakini zaidi ya yote mna mtoto anayegundua kwamba uaminifu wake katika jambo dogo unagusa sahani ya kila mtu. Tunahubiri sana juu ya uaminifu. Sufuria ya tui inampa mtoto nafasi ya kuwa mwaminifu kweli, mbele ya watu wenye njaa. Chicha inayobaki huenda kwa kuku, vifuu huenda motoni, na hakuna aliyelazimika kumfundisha somo la utunzaji wa mali za Mungu.

Anayejua haya yote vizuri kuliko mimi ni hawe, yaani bibi, wa watoto wangu, mama ya mume wangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi. Yeye ndiye mwalimu wa mtsunga, ile mboga ya majani yenye uchungu: jinsi ya kuuchagua, jinsi ya kuupunguza uchungu, na kuupika hadi watoto wakaukubali kwa sima. Anafundisha huku akiimba nyimbo za ibada kwa Kigiriama, na watoto wameshika nyimbo hizo bila kukaririshwa. Mtume Paulo alipotaja imani ya Timotheo aliitaja kwa majina ya wanawake wawili wa nyumba moja, bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nafikiri tunampunja mtoto tukimpa video ya mwalimu wa mbali huku bibi yake amekaa barazani hana mwanafunzi.

Historia nayo iko jikoni. Toa viungo vyote ulivyo navyo, viweke juu ya mkeka pamoja na ramani ya dunia, umwambie mtoto avirudishe kwao. Hiliki inakwenda India ya kusini, mdalasini Sri Lanka, karafuu visiwa vya Maluku kule Indonesia. Halafu mshangaze: mahindi ya sima yake, muhogo, pilipili na nanasi, vyote asili yake ni Amerika, na viliingia Afrika katika zama za Wareno. Baada ya hapo mpeleke kwenye mnara wa Vasco da Gama, na usimwache asome kibao tu akarudi. Muulize kwa nini Mreno huyo aliyefika hapa Aprili 1498 aling'oa nanga mwezi huo huo, na kufika Calicut mwezi wa Mei. Jibu ni kusi, upepo ule ule unaofanya bahari ichafuke na samaki wapungue sokoni, ambao unapoanza kuvuma humsukuma baharia hadi India. Wavuvi wa mtaa wetu wa Shella wanalijua jibu hilo bila kufungua kitabu.

Kisha mwingie na mwanenu katika kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, pamoja na makaburi yake. Francis Xavier alipitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mtoto Mkristo wa Malindi anastahili kujua kwamba Ukristo umekuwa na historia katika mchanga huu kwa karne tano, yenye mambo ya kujivunia na mengine ya kuhuzunisha, maana waliobeba msalaba ule walibeba na mizinga. Mwambieni yote mawili. Vitabu vya boksi havitamwambia hata moja.

Sasa mahamri. Kwetu Jumamosi jioni ni ya kukanda unga wa mahamri ya Jumapili, na hapo ndipo tulipousoma mfano wa chachu katika Mathayo 13. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mwanamke yule aliisitiri chachu ndani ya pishi tatu za unga. Watoto wanakijua kibaba kwa sababu wanatumwa dukani, na pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo hesabu ikawa rahisi: vibaba 12. Nikawaambia kwamba kwa kipimo cha Kiyahudi kilichotajwa katika mfano huo ni zaidi ya hapo, kama lita 40 za unga. Kijana wangu wa pili aliacha kukanda akanitazama. "Mama, huyo alikuwa na harusi!" Aliuona ufalme wa mbinguni kwa ukubwa wake, watu wengi na mkate mwingi, na mwanamke mmoja mikono imejaa unga. Nimesikia mahubiri mengi juu ya chachu, na ni machache yaliyofika pale alipofika mtoto huyo. Asubuhi, unga ulipokuwa umeumuka hadi umesukuma kifuniko, tukazungumza juu ya hamira inavyokula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, na kwa nini hamri likiingia katika mafuta ya moto hufura na kuwa na uwazi ndani.

Pishi hiyo hiyo ndiyo jirani yetu, mama wa Kiislamu mwenye umri wa hawe wao, huipimia nafaka ya zaka ya fitri Ramadhani inapokwisha. Watoto wamemwona akipima. Mwezi mzima wa mfungo, sahani zinavuka ua jioni: kaimati, mihogo ya nazi, tambi. Na kwa desturi ya hapa sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo watoto wangu wanapika cha kurudishia. Krismasi na Pasaka mambo yanageuka, sisi tunaanza na wao wanarudisha. Najua kuna familia zinazofundisha watoto nyumbani kwa sababu zinaogopa: zinaogopa mitaa, marafiki wabaya, dini nyingine. Baadhi ya hofu hizo nazielewa. Mji wa watalii una mambo ambayo mzazi hapaswi kuyafumbia macho. Lakini Bwana alituambia tumpende jirani, na mtoto aliyefungiwa ndani na vitabu vitakatifu bila kubeba sahani hata mara moja hadi mlango wa pili, amefundishwa upendo kwa maneno matupu. Wangu wanajua wazi kwamba sisi ni Wakristo na kwa nini. Wanajua pia namna ya kumwamkia Bibi shikamoo, na kumngoja hadi amalize sala yake kabla ya kumkabidhi sahani.

Wavulana. Hapa nitasema bila kuzungusha. Katika nyumba nyingi za Kikristo Malindi, mvulana akifika miaka kumi anaondolewa jikoni, na wapo wanaume wa kanisani wanaoamini kwamba hilo ni agizo la Biblia. Wasome Yohana sura ya 21. Wanafunzi walivua usiku kucha wakatoka mikono mitupu, hadi alfajiri walipoambiwa na mtu aliyesimama ufuoni watupe jarife upande wa kuume. Waliposhuka nchi kavu wakiikokota jarife hiyo yenye samaki wakubwa 153, waliukuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki yuko juu yake na mkate upo. Aliyekuwa amewasha ni Bwana aliyefufuka. Alikuwa ameshinda mauti, na asubuhi ile aliwapikia wavuvi waliochoka. Kila mtoto anayekulia karibu na gati letu anaujua moshi huo na harufu hiyo. Mama karanga, wale wanawake wanaouza samaki wa kukaanga, wanaukaangia mji mzima kila jioni. Basi mvulana wangu akipaka samaki chumvi na ndimu, akampepea kwenye jiko la makaa, akawagawia dada zake kwanza kabla hajajipakulia, anamfuata Kristo kwa jambo linaloonekana. Mume wangu hukuna nazi mbele ya wageni. Naamini hilo linawafundisha vijana wangu uanaume wa Kikristo kuliko semina.

Kuna wanaoniambia mama amechoka, na kupika na watoto ni kazi mara mbili. Ni kweli, kwa miezi ya mwanzo. Unga unamwagika, kitunguu kinakatwa vipande vya ajabu, na chakula cha saa saba kinaliwa saa tisa. Lakini kile kisomo cha asubuhi kinachokuchosha nacho ni kazi, na ukikiunganisha na chakula unapunguza kazi moja. Siku za kukuna nazi sisi hatufungui kitabu cha hesabu kabla ya mchana. Bei za sokoni, mafungu ya samaki, chenji, nusu ya kilo na robo yake, vinatosha. Wenye watoto wanaokwenda shule nao hawajakosa kitu. Jioni ipo, Jumamosi ipo, likizo zipo. Walimu chini ya mtaala wa umilisi (CBC) wamekuwa wakiwapa watoto kazi za vitendo nyumbani, na wazazi tumelalamika sana juu ya kupiga picha za ushahidi. Picha sawa, ila mtoto apike kwa sababu kuna watu wa kula.

Na kwa wale waliowabakiza watoto nyumbani tangu shule zilipofungwa Machi 2020, au wanaofikiria kufanya hivyo sasa: msifanye kwa kificho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Isomeni wenyewe, tafuteni ushauri, ongeeni na wazee wa kanisa lenu. Familia inayotaka kumlea mtoto katika kweli haiwezi kuanza kwa kumfundisha ajifiche afisa wa elimu anapopita.

Tunapokutana familia zinazofundisha nyumbani, kawaida watoto husimama mstari na kukariri aya, wazazi wakapiga makofi, halafu akina mama tukapakua chakula tulichokipika peke yetu tangu alfajiri. Napendekeza mkutano ujao tupange vingine. Watoto wapike. Wakubwa wakune nazi na kuangalia moto, wadogo wachambue mchele na mchicha, wavulana wasimamie samaki, na aya zikaririwe pale pale mikono ikiwa kazini. Tuwaalike mabibi wote walio hai, na majirani wa ua kwa ua. Uwanja wetu una mwembe wa kivuli, sufuria kubwa ninayo, na mbuzi mbili zipo. Atakayekuja naomba aje na nazi.