Drili za betri hapa Lamu, za jina kubwa na hizi za bei rahisi

Jirani yangu mmoja hapa Langoni anafunga makabati na milango ya ndani. Juzi kanikuta barazani akaniuliza, ati ajikaze anunue drili ya betri ya jina kubwa ama achukue hizi za Kichina zinazouzwa kwa boksi na betri mbili. Swali limenikaa kichwani manake mi mwenyewe nilishanunua zote mbili, na nilijuta kwa zote mbili, kila moja kwa sababu yake.

Watu huangalia drili, lakini pesa nyingi iko kwenye betri na chaja. Drili tupu bila betri bei yake hushuka sana. Na betri ya Makita haiingii kwa DeWalt, ya DeWalt haiingii kwa Bosch, hata Bosch kwa Bosch, ile ya buluu ya mafundi na ile ya kijani ya nyumbani, za volti 18 haziingiliani. Kwa hivyo ukishachukua betri ya kwanza ni kama umeshaoa hiyo nyumba, kesho ukitaka grainda, jigsoo, hata taa, utarudi kwa wakwe wale wale. Hapo ndo jina kubwa lina raha yake. Makita walianza hii betri yao ya volti 18 mwaka 2005 na umbo lile lile bado wanalitengeneza, hawakuachi njiani.

Na hii habari ya volti 18 na 20 isikuchanganye, ni kitu kimoja. Ndani kuna seli tano, yaani vibetri vidogo, zimefungwa msururu, kila moja ina volti 3.6 kwenye kazi, hizo ni 18, zikijaa kabisa kila seli inapita volti 4, ndo mwingine anaandika 20. Sasa kuna hizi za bei rahisi zimeandikwa 48, 88, hata 128! Nilifungua moja, nikakuta seli tano. Hizo namba ni mapambo kama macho ya jahazi, usiongeze hata shilingi kwa ajili yake.

Ila jina kubwa lina ugonjwa wake, bandia zimejaa. Mi niliuziwa betri imeandikwa 5.0Ah (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba), kibandiko safi, nikaishika nikaona mbona nyepesi hivi. Nikaenda nayo kwa muuza tende, nikaiweka kwa mzani wake, gramu 380. Hesabu ni rahisi: seli moja ya kawaida, saizi inayoitwa 18650, ina kama gramu 45, betri ya 5.0Ah ya aina hiyo hubeba seli kumi, hizo peke yake ni gramu 450 kabla ya plastiki na bati. Nyumbani nikaifungua, seli tano, upande wa pili matundu matupu. Nililipa bei ya asli nikapewa nusu ya bandia.

Hizi rahisi nazo haki yake tuiseme. Nyingi zimeiga umbo la betri ya Makita kwa hivyo zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe, ikifa unapata nyingine duka lolote. Ile ya jina kubwa ina waranti kweli, lakini waranti kwa mtu wa Lamu ni nini? Ni kupanda boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha unaambiwa njoo wiki ijayo. Hiyo wiki kazi ya watu ataifanya nani?

Halafu kuna mota. Zile zisizo na kaboni, vile vipande viwili vinavyosugua ndani ya mota, zinakaa na chaji zaidi na hazichemki ovyo, kwa mtu anayepiga skrubu kutwa nzima ni tofauti kubwa. Ila zinaendeshwa na bodi ya umeme, na chumvi ya hapa unaijua, inakula mpaka bawaba za shaba. Bodi ikishika kutu sijaona fundi hapa wa kuifufua. Mota ya kaboni ikikataa unabadilisha vile vipande viwili kwa pesa ndogo, dakika kumi unaendelea. Mi kwa nyumba ningechukua ya kaboni bila kufikiri mara mbili, kwa karakana ndo nasitasita.

Kitu kingine, nguvu nyingi hapa si lazima. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ukizitoboa na hama, ule mpigo wa drili, tundu linapanuka, plagi ya plastiki inacheza ndani kama jino bovu. Zima hama, zungusha polepole, na drili yoyote inatosha. Kwa mbambakofi ni hadithi nyingine. Nilikaa Matondoni asubuhi moja natazama mzee akitoboa mbao ya mashua kwa keke, anavuta upinde taratibu, na kijana wake pembeni ana drili ya betri. Kijana alikuwa mbali mbele, mpaka betri zote mbili zikaisha kabla ya adhuhuri, stima iko mbali, mzee bado anavuta. Lakini pia sioni nani atavuta ekstensheni kwenye mchanga mbichi bamvua linapanda, hapo betri haina mpinzani. Grainda ya kukata vyuma siku nzima naiacha kwenye waya, itaua betri.

Na kama una ndugu Marekani anataka kukuletea zawadi, mwambie alete drili na betri, chaja aiache, ya kule mara nyingi ni ya volti 120, ukiichomeka hapa kwenye 240 utasikia moshi kabla hujakaa. Betri azibebe mkononi kwenye ndege, zisizidi Wh 100 (ni volti mara Ah), ya volti 18 na 5.0Ah ni 90 inapita.

Jirani nilimwambia achukue ile rahisi ya kaboni, betri apime kwanza, na ile pesa iliobaki anunue biti nzuri, manake biti mbovu ndo inachosha betri. Kachukua, imefika mwezi wa tatu. Betri moja ishaanza kukataa chaji, kumbe alikuwa anaiacha kwenye bati juani.