Kadi ya kupamba haiazimwi

Mwezi uliopita binti wa jirani alinijia na kamera mpya, plastiki ya kiwandani bado iko kwenye kioo chake. Hajasomea, anapiga picha kwa mapenzi tu, na shangazi yake ameshamwambia: Jumamosi kuna kupamba, njoo utupigie, chakula kipo. Akataka nimwambie atumie lenzi gani. Nikamuuliza kadi ya kuhifadhia picha iliyomo ndani ya kamera ni ya nani. Akasema ameazima kwa kakake.

Nikamwambia akae, nikachemsha chai.

Kwa asiyekulia pwani, kupamba ni usiku wa wanawake. Nikaha imeshasomwa, wanaume wameshakula na kutawanyika, sasa bi harusi anaingizwa ukumbini mbele ya wanawake peke yao, na wanawake hao wamevua mabuibui. Nywele zimetengenezwa, dhahabu iko shingoni, magauni yameshonwa kwa ajili ya usiku huo mmoja. Hapa Mombasa ni kawaida kumkuta mama amesimama mlangoni akikusanya simu. Kamera inayopita ni moja, ya mpiga picha, naye lazima awe mwanamke. Kwa hiyo wasichana wa ridhaa wanaitwa kila leo, maana wanawake wenye kazi hii ni wachache na harusi ni nyingi.

Mimi niliitwa vivyo hivyo miaka sita iliyopita. Nilikuwa na kamera ya mkono wa pili na lenzi ile ya 50mm ambayo kila anayeanza huinunua kwa sababu ni rahisi na inakamata mwanga. Nilipiga bure, kwa furaha, nikampelekea bi harusi picha zake siku ya tatu. Katika mojawapo, nyuma ya bega lake, alionekana mama mmoja akicheza, kichwa wazi. Sikumwona hata kidogo, macho yangu yalikuwa kwa bi harusi. Picha ile ikawekwa kwenye simu, ikatoka kwenye simu hiyo ikaenda nyingine, na kufikia Ijumaa mumewe yule mama alikuwa ameiona kwa rafiki yake. Mama alikuja nyumbani kwetu. Hakunigombeza. Alikaa na mamangu sebuleni, akasema, "Mwanangu, nilivua buibui kwa sababu niliambiwa tuko sisi kwa sisi." Sina jibu la maneno hayo mpaka leo.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri anaopewa kila anayeanza, kwamba apige harusi za jamaa bure ili apate uzoefu. Uzoefu autafute kwenye picha za sura. Mpige nyanya yako dirishani saa nne asubuhi. Mpige mtoto wa dada yako aliyemaliza madrasa. Kaa na mtu mmoja mpaka ujue namna ya kumwambia ashushe kidevu bila kumtia haya, kwa sababu bi harusi aliyekaa jukwaani saa mbili na kilemba kizito hawezi kufundishwa kukaa na mtu anayejifunza.

Na mwanga pia usiusome usiku huo. Kamera hupima kama kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye jukwaa lililotandazwa vitambaa vyeupe, itaona weupe umezidi na kupunguza mwanga, na uso wa bi harusi wetu mweusi au wa maji ya kunde utatoka kama kivuli. Lazima uiongezee mwanga wewe, hatua moja au moja na nusu, hata kama kitambaa kitapoteza maua yake. Flashi ukiirusha juu, angalia dari: likifunikwa kitambaa cha zambarau, nyuso zote zitarudi za zambarau. Na unapowapanga mashangazi kumi na wawili kwa safu tatu, usibaki kwenye tundu pana la lenzi, f/1.8, kwa kupenda ukungu wa nyuma, safu ya tatu itapotea. Libane tundu mpaka f/5.6. Hayo yote unaweza kuyajaribu nyumbani, na shuka nyeupe na ndugu zako.

Kisichojaribiwa nyumbani ni amana, nayo ina ufundi wake. Wengi hawajui kwamba kuifuta kadi kwa kubonyeza "format" mara nyingi hakuondoi picha. Kinachofutwa ni orodha tu, na mwenye programu ya kawaida anaweza kuzirudisha. Kadi iliyoingia kupamba haiazimwi, haiuzwi. Simu au kompyuta unayohamishia picha, zima kwanza ile huduma inayozipandisha zenyewe kwenye intaneti. Kompyuta ikiharibika, usimwachie fundi na diski yake ndani. Usimpe kijana wa kiume akusafishie rangi kwa sababu tu ana bei nafuu. Uliza familia picha zitachapwa wapi na nani atazitazama zikitoka kwenye mashine.

Zamani familia zilikwenda studio za Wahindi mjini, kama ile ya Parekh. Katika bweta la nyanyangu kuna picha moja ya namna hiyo, ya karatasi, kingo zimekatwa mawimbi, yeye na somo wake wamekaa bega kwa bega. Nakala iko moja, na ufunguo wa bweta alikuwa nao mwenyewe.

Siku hizi hata serikali imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaweza kumhusu hata mpiga picha anayesambaza picha ya mtu anayetambulika, na Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Lakini mimi sikungoja sheria. Yule mama sebuleni alinitosha.

Binti akaniuliza swali la haki: kama siwezi kuonyesha picha, nitapataje kazi? Mimi huonyesha mikono. Hina na piko vikiwa bado vibichi, vidole vikishika leso, mgongo wa gauni na asumini kwenye nywele za kilemba, viatu mlangoni. Hata hizo naziombea ruhusa. Kazi nyingine zote zimekuja kwa mdomo wa akina mama, na wao huulizana kwanza kama unatunza siri.

Kwa hiyo usipige bure. Familia inayolipa ukumbi, mapambo na mpishi, kisha ikamwambia mpiga picha "chakula kipo", haijui imemkabidhi nini. Taja bei, andika kwenye karatasi kwamba picha ni za nani na utazihifadhi hadi lini, weka sahihi, mama wa bi harusi naye aweke yake.

Binti alikwenda kwa shangazi yake na karatasi hiyo. Shangazi alinuna siku mbili, kisha akamtumia shilingi 6,000 kwa M-Pesa, binti akanunua kadi mbili mpya. Jumamosi nilikwenda naye, nikamshikia flashi.