Fundi Ingia, Wanafunzi Wabaki Nje

Mwezi wa Machi Mombasa si mwezi, ni adhabu. Kaskazi imechoka, masika hayajafika, na hewa imesimama kama iliyokatazwa kupita. Mwezi huo ndio chuo chetu kilipoamua kutupangia mtihani Jumamosi saa mbili asubuhi, katika chumba cha ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati, chenye feni mbili: moja mgonjwa, nyingine marehemu.

Mimi ni fundi wa rifa, yale makontena ya baridi, bandarini Kilindini. Kazi yangu ni kuyachomeka kwenye umeme na kuhakikisha maparachichi ya watu yanalala kwenye digrii tano mpaka yapande meli. Baada ya miaka 19 ya kusoma digrii za makontena, nikaona sasa nisome yangu. Kilichonipa uchungu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika testa. Alirudi akiwa supavaiza wangu, akaniuliza mbona sijamjazia fomu.

Kidato cha nne nilipata C tupu, na kuingia chuo kikuu moja kwa moja walitaka C yenye alama ya kujumlisha. Kale kaalama kadogo kamenigharimu cheti, kisha diploma, na sasa Jumamosi na Jumapili zangu za miaka minne. Darasani tuko 34, watu wazima watupu: muuguzi, dereva wa tuktuki, makarani wa forodha, na mama mmoja auzaye vitunguu kwa magunia sokoni Kongowea. Huyo tunamwita Mama Vitunguu, na hata wahadhiri humwogopa.

Wiki ile nilikuwa shifti ya usiku. Mpango ulikuwa nitoke kazini saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu avuke na feri kutoka Likoni aniletee shati, nikoge msikitini, kisha niingie darasani kama mtu aliyelala kwake. Nikasimama upande wa kisiwani nikingoja. Ng'ambo ya pili naiona feri, imejaa watu pomoni, haiondoki. Kumbe kuna meli inatoka, na meli ikipita mlango wa Likoni, feri husubiri, hata uwe unapelekewa nini.

Nikaitazama meli ile ikijikokota, mara nikayatambua makontena meupe yaliyopangwa kule nyuma. Yangu! Usiku kucha nimekimbizana nayo ili meli isichelewe, na kweli haikuchelewa. Ilipita kwa wakati wake, katikati yangu na shati langu.

Nikampigia mwanangu, nikamwambia anifuate chuoni. Nikadandia tuktuki vilevile nilivyo: ovaroli, reflekta, bisibisi mfukoni na jasho la maparachichi.

Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Nje ya mlango wenzangu wawili walikuwa wamesimama wamenuna. Mhadhiri alikuwa mgeni kwetu, kijana wa bara, wiki yake ya kwanza, tai ameikaza mpaka mishipa ya shingo imetoka. "Nilisema saa mbili na robo," akawa anawaambia. "Hapa haingii mtu tena." Kisha akaniona mimi, uso ukamkunjuka. "Ah, fundi! Mimi napiga simu tangu Alhamisi. Ingia, ingia, hiyo feni imetuua."

Hapo ndipo muungwana angesema, "Samahani, mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako." Nami wallahi nilifungua kinywa niseme. Lakini mlango ulikuwa wazi, mtihani ni alama 30, na miguu ikautangulia ulimi. Mmoja wa wale wawili hanisalimu mpaka leo. Somo lenyewe, nisifiche, lilikuwa Maadili ya Biashara.

Ndani watu wote wananijua, na hakuna aliyesema neno. Mama Vitunguu, leso imemganda shingoni, alinitazama mimi, akatazama feni, akanitazama tena. Nikaelewa. Nimewekwa kwenye mizani na feni, na feni imenishinda uzito.

Nikapandisha kiti juu ya meza, nikapanda. Mhadhiri akaanza kuita majina. Likaitwa langu.

"Yupo!" nikaitika, kwa mazoea tu.

Akatazama mlangoni. Akatazama dirishani. "Nani huyo ameitika?"

Kimya. Akaliita tena. Nisipoitika nimeandikwa mtoro, na utoro wangu msimu ule wa parachichi ulikuwa umeshafika ukingoni. Nikageuza uso darini nikasema "yupo" kwa sauti ndogo, ya kisima.

"Yupo, mwalimu," Mama Vitunguu akadakia. "Ana mafua, msamehe."

Ugonjwa wa feni niliujua mapema. Ukiiwasha inaguna lakini haizunguki, ukiisukuma kwa bisibisi inajivuta kidogo kisha inakata tamaa. Hiyo ni kapasita, kidude cheusi ukubwa wa kiberiti, bila hicho feni haina nguvu ya kuanza. Ya mgonjwa imevimba kama jino bovu. Feni marehemu, kule nyuma, mapanga yake yamepinda yote, lakini kapasita yake ilikuwa ingali safi. Ila mimi ni mtu wa volti 440, najua umeme hauna urafiki, hata huu mdogo wa nyumbani. Sigusi waya kabla ya kuzima. Nikashuka, nikaenda kwenye boksi la ukutani, nikabwaga swichi kubwa.

Darasa zima likapiga ukelele. Maswali yalikuwa yanaoneshwa kwa projekta.

Mhadhiri akashika kichwa. Ikabidi ayasome kwa sauti kutoka kwenye simu yake, kila swali mara mbili, taratibu kama anayesoma wosia. Nami niko juu, bisibisi mdomoni, napokea. Swali la kwanza, eleza maana ya mgongano wa maslahi, utoe mfano. Nikafungua skrubu nikitafuta mfano. Sikutafuta mbali.

Mlango ukagongwa. Mwanangu, anahema, mfuko mkononi. "Samahani, mwalimu, namtafuta..." Akainua macho. "Baba! Mbona uko huko juu?"

"Ah, mtoto wa fundi!" mhadhiri akafurahi. "Umeleta spea?"

Mtoto hakujua spea gani, lakini tumemlea asibishane na wakubwa. "Naam," akasema, akautoa mfuko kwa mikono miwili.

Mhadhiri akautia mkono. Likatoka shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ikafuata chupa ya marashi. Kisha mahamri manne ndani ya gazeti, bado ya moto, na kopo la mbaazi ambalo mama yake kijana alilifunga kwa mpira lisimwagike. Akavipanga vyote mezani kimojakimoja, kama anayekagua mzigo forodhani, kisha akanitazama.

"Fundi. Hizi ndizo spea?"

"Ni za baada ya kazi," nikamjibu. Katika yote niliyosema asubuhi ile, hilo lilikuwa la kweli. Dereva wa tuktuki alikuwa ameuma kola yake asicheke.

Nikafunga kapasita, nikashuka, nikarudisha umeme. Feni ikaguna, ikajitikisa, ikaanza. Mstari wa mbele wakasema alhamdulillahi. Ikaongeza kasi. Hapo nikakumbuka kwamba sikuifuta. Vumbi la sijui miezi mingapi, utando wa buibui na mjusi mmoja aliyekauka zamani, vyote vikamshukia mhadhiri na tai yake. Na karatasi za majibu zikaruka, zote, kama njiwa waliotupiwa jiwe. Watu wazima wenye wajukuu wakaingia chini ya meza kutafuta majibu yao, na wengine, namjua mmoja, kutafuta ya wenzao.

Katika mtafaruku ule nikavua reflekta, nikavaa shati juu ya ovaroli, nikajibana kando ya dereva wa tuktuki. Akanisogezea karatasi bila kunitazama. Nilikuwa na dakika 18. Niliandika kama mtu anayefukuzwa, na mfano wangu wa mgongano wa maslahi ulikuwa na undani ambao hakuna kitabu kingenipa.

Mhadhiri alipomaliza kujikung'uta akatoa pochi. "Fundi yuko wapi?" Akachungulia nje. "Fundi!" Akarudi na noti ya mia tano mkononi, ameguswa kabisa. "Ameondoka bila kudai hata shilingi," akatuambia. "Nyinyi mnaosoma maadili, mtazameni mtu kama yule."

Tukainamisha vichwa. Mama Vitunguu akaitikia, "Amina."

Baada ya wiki mbili karatasi zikarudishwa. Nilikuwa nimepata 23. Kwenye kona ya chini palikuwa na alama ya dole gumba langu, nyeusi ti kwa vumbi la feni, nayo imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Pembeni, kwa mwandiko mzuri: "Mia tano yako ninayo. Na ile feni ya nyuma uliyoiibia, unakuja lini?"