Dripu ya haraka: nafuu ya saa moja, vifo vya siku mbili

Mtoto akishatundikiwa dripu, ndugu waliomleta hospitali hushusha pumzi. Na si ndugu peke yao. Kwa miaka mingi madaktari wa watoto duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, miguu ya baridi, mapigo yanayokwenda mbio na damu isiyozunguka vizuri apewe maji mengi mshipani, tena upesi. Hospitali za Ulaya na Marekani zilifanya hivyo, na aliyeuliza ushahidi uko wapi alionekana anapoteza muda wa mgonjwa.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi upande wa Kenya, Teule ya Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji ya haraka, moja maji ya chumvi na jingine albumini (maji yenye protini itokanayo na damu), mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 10, dozi ya juu inakaribia nusu lita. Kundi la tatu lilipata dripu ya kawaida ya polepole tu. Matibabu mengine, kama vile antibiotiki, dawa ya malaria, damu na oksijeni, yalikuwa yaleyale kwa wote.

Kamati huru ya kusimamia usalama ilisimamisha kazi kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Baada ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini na 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi, lakini asilimia 7.3 tu kwa wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Kwa kila watoto 100, dripu iliyoaminiwa kuwa inaokoa iliondoka na watatu zaidi.

Uchambuzi uliofuata mwaka 2013 ulitoa jambo linalonisumbua kuliko hizo asilimia. Saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za damu kutozunguka zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, na kwa asilimia 32 tu ya wenzao. Maana yake, daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kweli: miguu inapata joto, mapigo yanatulia, mama anaanza kutabasamu. Hakujidanganya. Ila wengi wa wale waliozidi kufa walikuja kuzidiwa baadaye, moyo na mishipa ya damu vikishindwa kazi, wakati yeye pengine ameshahamia kwa mgonjwa mwingine au zamu yake imekwisha. Hakuna uzoefu wa kazini, hata wa miaka 30, ambao ungegundua jambo hilo. Tofauti ya watoto watatu kwa 100 haionekani kwa macho ya mtu mmoja. Inataka hesabu na kundi la kulinganisha.

Waliopinga hawakukosa hoja. Hoja yao kubwa ilikuwa mazingira. Hospitali hizi hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia, na anayejaza maji mshipani anatakiwa awe na namna ya kumsaidia mtoto mapafu yakilemewa. Pia zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Unawezaje kuchukua jibu la Soroti ukamtibu nalo mtoto wa London?

Hapo wana haki nusu. Watafiti walichambua kundi kwa kundi, wenye malaria na wasio nayo, wenye damu kidogo na wenye damu ya kutosha, wala hawakupata hata kundi moja lililonufaika na maji ya haraka. Mwaka 2017 utafiti mwingine wa Lusaka, safari hii kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, ulikuta vifo vya hospitalini asilimia 48 kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema, dhidi ya 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Hata hivyo suala la mazingira halijafutika. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu maambukizi makali kwa watoto umekata shauri kwa kugawa dunia: penye huduma ya wagonjwa mahututi maji ya haraka yanaruhusiwa kwa tahadhari, pasipo na huduma hiyo, mtoto ambaye presha yake haijashuka asipewe.

Kitabibu mgawanyo huo una mantiki. Kisiasa unanitia wasiwasi. Ni rahisi mno kwa wizara kusoma sentensi ile na kuhitimisha kwamba hospitali ya wilaya haihitaji vifaa, kwa kuwa utafiti umesema dripu ya polepole inatosha. FEAST haikusema hivyo. Kabla ya kuanza, wahudumu walifunzwa kuwatambua na kuwahudumia haraka watoto walio hatarini, na hospitali zikapewa vifaa vya msingi vya kumfuatilia mgonjwa. Ile asilimia 7.3 ilipatikana kwenye wodi iliyoboreshwa kwanza. Anayechukua namba hiyo na kuacha maboresho yaliyoizaa amechukua nusu ya matokeo.

Kuna na tafsiri mbaya zaidi, ya mitaani: kwamba dripu inaua. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti huu. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara hadi macho yamezama bado anahitaji maji, mdomoni au mshipani kulingana na hali yake, na matokeo ya FEAST hayamhusu kabisa.

Mjadala wa ridhaa nao ulikuwepo. Mzazi aliyefika na mtoto anayezimia hawezi kusoma karatasi za kurasa kadhaa, kwa hiyo kamati za maadili ziliruhusu akubali kwa mdomo kwanza na kutia sahihi hali ikitulia. Wapo wanaoona hapo mtu maskini ametumiwa. Mimi naona swali gumu liko kwingine: kabla ya utafiti, watoto walikuwa wakipewa tiba hiyohiyo isiyopimwa, na hakuna mzazi aliyeombwa ridhaa ya kujaribiwa, kwa sababu iliitwa matibabu.

Ninachowadai watafiti ni muda. FEAST ilihesabu vifo kwa saa 48, kisha ikawafuatilia watoto hadi wiki ya nne. Ni bora kuliko saa moja, lakini utafiti wa CHAIN wa mwaka 2022, uliohusisha hospitali za Afrika na Asia Kusini zikiwemo Kilifi na Mulago, ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto waliolazwa, vilivyohesabiwa ndani ya miezi sita, vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Na kuna watoto 29, nje ya wale 3,141, ambao hutajwa kwa haraka. Hao walifika presha ikiwa imeshuka vibaya. Wote walipewa maji ya haraka, wengine albumini, wengine ya chumvi, bila kundi la kulinganisha, kwa kuwa kuwanyima kulionekana ni ukatili. Zaidi ya nusu walikufa. Kwa mtoto wa aina hiyo miongozo bado inasema apewe, ikitegemea imani ileile iliyoporomoka kwa wale 3,141. Ningekuwa kwenye kamati ya maadili ningeunga mkono wapimwe kwa kulinganishwa na kundi lisilopewa, nikijua wazi kwamba wajumbe wengi wangenipinga, na kwamba mzazi akiniuliza kwa nini mwanawe ananyimwa dripu, ningekuwa na jibu la takwimu za watoto wengine tu.