Tiba za asili zinaweza kuponya ngozi, kukinga jua ni kazi nyingine

Karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka yanapopakiwa magunia ya dagaa, kuna meza ya vipodozi isiyokosa wateja. Wiki iliyopita nilishika hapo chupa ya seramu ya vitamini C, yale maji ya kupaka usoni. Ilikuwa mstari wa mbele, chupa inayoonyesha ndani, jua la saa saba likiipiga bila huruma, na kilichokuwemo kilikuwa kama chai ya rangi.

"Chukua hiyo dada, asilia tupu, haina kemikali," muuzaji akaniambia.

"Mbona imekuwa kahawia?"

"Ndiyo imekolea hiyo."

Haikuwa imekolea. Ilikuwa imekwisha. Vitamini C ni antioksidanti: miale ya jua ikiingia kwenye ngozi huzaa chembe zilizopungukiwa elektroni, nazo huanza kunyang'anya majirani zake mpaka mafuta ya seli na vinasaba vinaharibika. Antioksidanti hujitoa yenyewe inyang'anywe. Lakini ikikaa mezani kwenye mwanga, joto na hewa, hujitoa humo humo ndani ya chupa, na mnunuzi anapeleka nyumbani maji ya kahawia kwa bei ya dawa.

Nasema hivi bila kuidharau vitamini C yenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichanganya vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki asilimia 0.5, asidi inayopatikana hata kwenye pumba za mchele. Kwenye ngozi ya nguruwe, kinga dhidi ya mwanga uliofanana na wa jua ilipanda kutoka mara nne, bila asidi hiyo, hadi mara nane. Hilo si jambo dogo. Ila ule mchanganyiko ulipimwa gramu kwa gramu, ukiwa mpya. Kuponda karoti na kuchanganya na mafuta ya nazi hakukupi kitu hicho, hata kama rangi inavutia.

Kwenye kuponya, upande wa majani una hoja nzito kuliko wanavyokubali baadhi ya wataalamu wetu. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya majaribio manne yenye wagonjwa 371 ulionyesha kuwa alovera, yaani mshubiri, ilifupisha muda wa kupona majeraha ya moto kwa takriban siku tisa. Majaribio yenyewe yalikuwa madogo na hayakufanana, kwa hiyo hizo siku tisa zichukuliwe kwa tahadhari. Asali nayo: mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliona majeraha ya moto yasiyo ya kina sana yakipona siku nne hadi tano mapema kuliko yaliyofungwa kwa vifaa vya kawaida. Kwa mama aliyemwagikiwa mafuta ya kukaangia sato, mwenye mshubiri unaoota nyuma ya choo bila gharama yoyote, habari hiyo ina maana. Kwanza maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, halafu ndiyo jani.

Na jani lina utaratibu wake. Ukilikata, lisimamishe kwenye bakuli utomvu wa njano uchuruzike wote, ndipo umenye na kuchukua ule ute mweupe wa katikati. Huo wa njano ndio unaowasha, na watu wengi wanaolalamika kuwa "alovera haikunipenda" huenda waliupaka pamoja na ute. Asali ya kwenye majaribio pia si ile ya chupa ya maji barabarani, ambayo huenda ina sukari nusu. Ya hospitali huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi.

Kuna mengine hayana hata utetezi huo. Kutoboa kidonge cha vitamini E na kupaka kovu, kwa mfano: mwaka 1999 wagonjwa 15 walijaribu, asilimia 90 ya makovu ama hayakubadilika ama yalizidi kuwa mabaya, na theluthi moja ya wagonjwa walipata vipele vya mzio. Ndimu ni mbaya zaidi. Ukijipaka asubuhi ukapanda feri ya Kamanga na kukaa juani, dutu zilizomo kwenye maji yake hushirikiana na jua kukuunguza, na alama nyeusi hubaki wiki hata miezi. Asilia kabisa, haina kemikali. Mikorogo ya kujichubua inayouzwa kwa jina la miti shamba huku ndani ina zebaki, haidrokwinoni au steroidi hiyo ni jinai tu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), basi tusome viambato, na chupa isiyo na orodha ya viambato irudishwe mezani.

Jua lenyewe ndilo linalonitenganisha na wapenzi wa mafuta ya asili. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya ikweta. Akina mama wanaoanika dagaa ufukweni Igombe hupigwa na jua kutoka juu na jingine linalorudishwa na mchanga. Ngozi nyeusi ina kinga yake. Vipimo vya zamani viliikadiria kuwa sawa na SPF 13 hivi, SPF ikiwa kipimo cha kinga dhidi ya jua. Mafuta ya nazi huongeza kidogo mno juu ya hapo. Ni kweli losheni ya jua ni ghali, na hapo wanaotetea mafuta wananishinda kwa hoja ya mfuko. Lakini kofia pana na mikono mirefu ni rahisi kuliko vyote, na muuzaji wangu alikuwa amekaa chini ya mwavuli.

Kwa mtu mwenye ualbino, ile SPF 13 haipo kabisa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kutengenezwa losheni ya jua ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao, na hakuna mafuta ya mlonge wala ya ubuyu yanayoweza kushika nafasi yake. Na kidonda kilichokaa mwezi mzima sikioni au mdomoni bila kufunga, kwa mtu wa Ukerewe au wa Nyamagana, kisipakwe asali tena. Apande boti au daladala, afike hospitali ya Bugando wakikate kipande wakipime kama ni saratani.