Moja na Nusu Haikadiriwi

Juzi nilifungua daftari la kemia la mpwa wangu wa kidato cha tatu, nikatamani nisingelifungua. Swali: oksaidi ya chuma ina chuma asilimia 70 na oksijeni asilimia 30, tafuta fomula ya empiriki, yaani uwiano mdogo kabisa wa idadi ya atomu zake kwa namba nzima. Kijana kagawa 70 kwa 56, uzito wa atomu wa chuma, kapata 1.25. Kagawa 30 kwa 16, wa oksijeni, kapata 1.875. Kagawa zote kwa ile ndogo, kapata 1 kwa 1.5. Mpaka hapo safi, hata mwandiko unapendeza. Kisha kaandika "kadiria, 1 kwa 2", jibu FeO₂. Na pembeni, vema kubwa ya wino mwekundu.

Vema! Nikamuuliza hiyo 2 kaitoa wapi. "Mjomba, tumefundishwa desimali ikifika tano unapandisha."

Sawa. Kanuni ya hesabu za shule ya msingi imeingia kwenye kemia bila hata kupiga hodi, na aliyepaswa kuizuia mlangoni ndiye kaikaribisha kiti.

Tuelewane hapa. Asilimia zile ni za uzito, lakini fomula inataka idadi. Nenda soko la samaki Mwanza: kilo ya dagaa na kilo ya sangara mizani inaziona sawa, ila wewe jaribu kuhesabu samaki. Ndiyo sababu tunagawa kila asilimia kwa uzito wa atomu wa elementi yake, tutoke kwenye kilo tuingie kwenye vichwa. Na tukishaingia kwenye vichwa, 1 kwa 1.5 ina maana kwamba kila atomu moja ya chuma ina oksijeni moja na nusu. Atomu haikatwi nusu. Kwa hiyo unazidisha pande zote mbili kwa 2, unapata 2 kwa 3, Fe₂O₃, ile inayoupa udongo wetu wekundu wake. Ukiipandisha 1.5 iwe 2, umeongeza theluthi ya oksijeni yote iliyokuwepo, umeitoa hewani bila ruhusa ya mtu.

Na kujikagua wala si kazi. Chukua hiyo FeO₂ urudi nayo nyuma: 56 gawanya kwa 88, chuma asilimia 63.6. Swali limesema 70. Chuma kingine kimekwenda wapi, nani kakila? Kuhakiki ni mstari mmoja, lakini katika daftari zima sikuona hata mahali pamoja ambapo mtu alirudi nyuma.

Anayeonewa zaidi ni 1.33, maana yeye anashushwa na hakuna anayemlilia. Magnetaiti, madini ya chuma ambayo jamaa yake amelala ardhini Liganga kule Ludewa, ina chuma asilimia 72.4 na oksijeni 27.6. Piga hesabu, utapata 1 kwa 1.33. Mkadiriaji anasema "aah, moja hiyo", anaandika FeO, ambayo chuma chake ni asilimia 77.8. Zidisha kwa 3 uone: 3 kwa 4, Fe₃O₄. Ukiona .5 zidisha kwa 2, ukiona .33 au .67 zidisha kwa 3, ukiona .25 au .75 zidisha kwa 4. Basi! Yanatosha kuandikwa kwenye kiganja, ingawa kwenye chumba cha mtihani sikushauri.

Haya, nakubali, kuna mahali pa kukadiria. Ukichoma utepe wa magnesi kwenye kikombe cha maabara, kila ukifunua kifuniko kipate hewa, moshi mweupe unatoroka na sehemu ya matokeo yako. Ukipata 1 kwa 0.97, andika MgO ukalale. Na wajuaji msiniandikie: najua FeO halisi huwa na upungufu kidogo wa chuma. Hilo halimhusu mtoto wa kidato cha tatu.

Tena vigawanyo vyenyewe, yaani hizo 56 na 16, havikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1808 mwanakemia Mwingereza John Dalton aliyachukulia maji kuwa atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, akajenga uzito wa atomu juu ya dhana hiyo. Maji yana haidrojeni asilimia 11.1 na oksijeni 88.9; ukigawa oksijeni kwa 8 badala ya 16, hesabu inakupa HO bila kosa lolote la kugawanya. Wanakemia walivutana mpaka baada ya mkutano wao wa Karlsruhe, Ujerumani, wa 1860, Mwitaliano Cannizzaro alipowapa njia ya kutoka.

Kero yangu nyingine ndogo: "kampaundi X". Kila swali ni X. Kaboni asilimia 40, haidrojeni 6.7, oksijeni 53.3, jibu CH₂O, funga daftari. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba hesabu hiyo hiyo inatoka kwa glukosi, kwa asidi ya siki na kwa formaldehaidi ya kuhifadhia maiti, na kwamba ndiyo maana tunahitaji fomula ya molekuli, inayotaja idadi halisi ya atomu na si uwiano tu.

Nenda duka la pembejeo usome mfuko wa urea, wameandika naitrojeni asilimia 46. Urea safi ina 46.67, kaboni 20, oksijeni 26.67, haidrojeni 6.67. Gawa kwa 14, 12, 16 na 1, kisha gawa zote kwa iliyo ndogo kuliko zote. Inatoka naitrojeni 2, kaboni 1, oksijeni 1, haidrojeni 4, na hakuna cha kupandisha wala kushusha. Swali kama hilo lipo dukani kila msimu wa kupanda, limeandikwa kwa herufi kubwa, na sisi tunawapa X.