Kima wa msituni, homa ya mjini

Virusi vya Zika havikugunduliwa hospitalini. Aprili 1947, watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano nchini Uganda walimweka kima kizimbani, juu mitini katika msitu wa Zika, aumwe na mbu wa huko. Kima akashikwa na homa, na damu yake ikatoa kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Wanaotaka fedha zaidi ziende kwenye kunasa na kupima mbu wana hoja hapo: anayesubiri mgonjwa afike zahanati ameshachelewa.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mbu walionaswa humwagwa juu ya meza ya baridi ili wasiruke, kisha mtu huinamia darubini na kuwatenga kwa kibanio, majike kando, aina kwa aina. Husagwa pamoja, hata 50 katika kichupa kimoja, ndipo wapimwe. Majibu, wiki nenda wiki rudi, mara nyingi ni hamna kitu. Na hiyo hamna kitu inaweza kudanganya: Aedes aegypti, mwenezaji mkuu wa dengi, huuma mchana, kwa hiyo mtego wa taa uliozoeleka kwenye kazi za malaria humkosa kirahisi.

Australia walijaribu njia nyepesi zaidi: kadi iliyopakwa asali ndani ya mtego. Mbu akija kufyonza huacha mate, na dawa iliyomo kwenye kadi huua kirusi huku ikihifadhi vinasaba vyake, hivyo kadi husafirishwa bila barafu. Ubunifu wa kupendeza, ila mate yenyewe ni kidogo mno, na kadi haisemi ni mbu yupi aliyeyatema.

Kwangu mimi swali la kwanza ni kirusi kinaishi wapi kabla hakijatufikia. Dengi ya mjini huzunguka kati ya binadamu na mbu wa majumbani. Huko ningeanza na kupima zile homa zinazoandikwa malaria kwa mazoea, ingawa walioambukizwa bila kuugua, nao ndio wengi, watatuponyoka. West Nile, kirusi kingine kinachoenezwa na mbu, na homa ya Bonde la Ufa ni habari nyingine. Hizo hupitia kwa ndege au mifugo. New York, 1999, kunguru walikuwa wakifa ovyo huku vipimo vya damu za wagonjwa vikionyesha ugonjwa wa ubongo wa St. Louis, kwa sababu kingamwili za virusi vya St. Louis na vya West Nile hufanana. Kunguru ndio waliokuwa na jibu: West Nile.

Hata hivyo, kujua mapema si kuwahi. Mwaka 2006, takwimu za setilaiti kuhusu mvua na uoto uliozidi kawaida ziliashiria mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa Afrika Mashariki wiki kadhaa kabla, na onyo likatolewa. Nchini Kenya watu walianza kufa Desemba. Chanjo ya mifugo ilianza Januari.